Uzito wa Maji

Hawa binti yangu,

Salamu nimeziruka. Tumesalimiana jioni hii ulipoinuka kwenye mkeka, na alfajiri tutasalimiana tena kabla gari halijaja. Kukujulia hali kwa karatasi ni kumaliza wino bure, na wino siku hizi haupatikani. Habari za sweta, za vidonge, za kutokula chakula cha watu usiowajua, mama yako amekwisha kuzisema mpaka umeanza kumwitikia kabla hajamaliza. Hapo sina la kuongeza. Naandika kwa sababu juzi, ulipokuwa unakunja kanga zako, nilikuuliza kama uko tayari, ukanijibu bila kuniangalia: "Naenda kwa kuwa umesema wewe, Baba. Wewe ndiye unayejua."

Jibu hilo lilinipendeza kidogo. Kisha likanikaa kooni, na mpaka leo halijashuka.

Ni kweli nimekulea kwa kukuambia kwamba mimi ndiye ninayejua. Wengine wote, wa nyumba hii na wa nyumba za jirani, nimekufundisha kuwadharau, na sitajifanya mtakatifu leo: wengi wao walistahili. Lakini kesho unakwenda Bombay kufunguliwa kifua. Moyo watakaoushika ni wako, wangu utakuwa hapa Kariakoo unapima vitunguu. Kwa hiyo kabla hujaondoka nataka uujue huo ujuzi wangu ulivyo, nimeupata wapi na umenipotosha wapi. Mwandiko uuvumilie. Ni wa ngumbaro, nilioupata ukubwani katika darasa la watu wazima, nimekaa kwenye dawati la mtoto mdogo magoti yananigusa kidevu. Mjomba wako Hamisi alikuwa anapita dirishani makusudi ili acheke. Yeye alisoma mchana, na tai shingoni. Angalia elimu ya mchana ilivyomsaidia: yuko ofisini Posta mwaka wa ngapi huu, anapiga mihuri barua ambazo hazisomi.

Mimi nilikuja mji huu kutoka Lindi na mgongo tu. Nilikuwa hamali. Ukoo wa mama yako walikuwa hapa mtaa wa Mkunguni tangu enzi za mababu, na nilipomposa mama yako walikaa kikao kuulizana huyu mtu wa kuja ni nani. Siku ya kwanza bibi yako Kidawa alinikaribisha chai kwa kikombe kisicho na mkono, akasema vingine vimefungiwa kabatini. Kabati lilikuwa wazi, nikaviona vimepangwa. Nikainywa ile chai, ikaniunguza vidole, nikashukuru. Tangu siku hiyo nilijiapiza kwamba kila mtu wa ukoo ule atakuja kuniomba kitu, na nikishampa nitamtazama anavyokipokea. Wamekuja wote. Nimewatazama wote. Sikuficha kwamba nafurahi, na wewe mwenyewe uliona.

Nilipopata kibanda sokoni, kabla ya soko hili jipya la zege, wenzangu walinunua redio. Mimi nilinunua mzani wa kupimia magunia. Nilikuwa nimechoka na macho ya watu. Mzani haujui nani mzaliwa na nani wa kuja. Gunia likipanda, sindano inasema, na asiyeridhika aende akapime kwingine. Nikauamini kuliko nilivyomwamini binadamu yeyote, na ulipozaliwa wewe nikauamini hata kwa habari zako. Kila mwezi nilikutia kikapuni nikakupima. Watoto wa mtaa walikuwa wanapanda, wewe unajikokota. Kila masika kifua kilikubana. Ulikuwa ukinyonya kidogo unaacha kupumzika, kama mtu mzima anayepanda ngazi.

Tulikupeleka zahanati fulani, sitaitaja, maana waliokuwapo siku zile wamekwisha kuondoka na waliopo hawana kosa. Daktari alikuwa na kile chombo cha kusikilizia moyo kimening'inia shingoni kama mkufu wa bibi harusi. Alisema pumu. Alisema huku anaandika, kabla hujakohoa. Nikauliza kama hatakusikiliza kifua. Akaniambia, "Bwana, wewe ni mganga?" Watu wa kwenye foleni wakacheka. Nikachukua vidonge nikaondoka. Miaka ikapita tukirudi kwa vidonge vile vile, na chombo kile sikukiona kikiondoka shingoni pake. Kama pambo la mwanamke lilivyo, alikivaa ili kionekane.

Bibi yako yeye alisema jini. Hiyo unaikumbuka. Mtoto hapumui, wanamfunika blanketi na kumtia moshi wa ubani. Ulitoka pale midomo ya bluu, wakapiga vigelegele kwamba jini amepanda. Nilivunja kile chetezo kwa teke, na mama mkwe hakunisemesha mwaka mzima. Ulikuwa mwaka mzuri sana.

Na balozi wetu wa nyumba kumi. Siku ya kuzibua mitaro upande wa Jangwani baada ya mafuriko, watu wote na majembe yao, wewe ukakaa chini kwenye tofali. Yule mtu, ambaye jembe lake lilikuwa jipya kwa kutotumika, akasimama mbele ya mtaa mzima akasema, "Mnamwona binti wa Saidi? Huyu ni kupe mdogo. Baba mnyonyaji, mtoto mnyonyaji." Nilimjibu pale pale. Nilimwambia mtaa mzima unajua sukari ya mgawo hupungua ikipita nyumbani kwake, kwa hiyo habari za kupe atuachie tunaowajua. Watu wakacheka upande wangu. Tukarudi nyumbani mimi nikitembea mabega juu, wewe nyuma unahema. Mlangoni nikakugeukia nikakwambia, "Na wewe acha uvivu, unaniaibisha."

Ulikuwa huna pumzi ya kujibu. Mimi nikadhani ni kiburi.

Hilo neno nililirudia mara nyingi, Hawa. Mvivu wa kuchota maji, mvivu wa kupanda ngazi, mvivu hata wa kulia. Nilimdharau balozi, kisha nikabeba maneno yake nikayaleta ndani kama mtu aliyeokota kitu cha maana njiani.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hujawahi kunisikia nikilisema. Ulipokuwa kidato cha tatu ulipata nimonia, ukalala, ukainuka. Na ulipoinuka ukaanza kunenepa. Uso ukawa wa duara. Nikajiambia, hatimaye ananawiri. Siku moja ulikuja sokoni kuniletea chakula, na Hamisi naye alikuwa pale, amekuja kuchukua vitunguu vyake vya bure kama kawaida. Nikaondoa gunia kwenye mzani.

"Panda, Hawa."

"Baba, watu wote hawa?"

"Panda nikwambie."

Ukapanda. Sindano ikaenda ambako haikuwahi kwenda. Nikamwita, "Shemeji, njoo usome, wewe uliyesoma mchana."

Hamisi akainama, akavaa miwani. "Mh! Kumbe anakula."

"Anakula kwangu. Angekulia kwenu angekunywa chai ya kikombe kisicho na mkono."

Mahamali wakacheka mpaka mmoja akaketi. Hamisi akaondoka, na hata hivyo fuko lake hakulisahau. Wewe hukucheka. Ulikuwa umeshika nguzo ya mzani. Ukasema, "Baba, viatu vinanibana."

Nikakwambia, "Nitakununulia vingine."

Sasa sikiliza ujinga ulipo. Kazi yangu mimi ni nini? Kila asubuhi lori likishusha, gunia likizidi uzito wake wa kawaida mimi sifurahi. Nakata kamba, natia mkono mpaka katikati. Kitunguu kilichonyeshewa njiani huvimba, hung'aa, na kina uzito wa kumvutia mjinga; hakikai wiki, kinaanza kuoza shingoni na kuoza kwake kunavuta wenzake. Nimewafukuza watu na malori yao kwa sababu hiyo. "Peleka maji yako Jangwani," huwa nawaambia, "mimi nanunua vitunguu." Soko zima linanijua hivyo. Hakuna mtu aliyewahi kuniuzia maji.

Na mtoto wangu wa kuzaa akasimama kwenye mzani wangu, miguu imevimba mpaka viatu havifungi, nikasoma sindano nikatangaza. Kwa gunia la mtu nisiyemjua nilitia mkono. Kwako sikutia. Nilitaka Hamisi aione ile namba, basi, nikaipenda namba kwa ajili hiyo.

Aliyetia mkono ni mama yako, ambaye mzani wangu hajawahi kuugusa. Alikuwa anakupaka mafuta miguuni, kidole chake kikaacha shimo, na shimo likabaki. Akaniita chumbani. Akabonyeza tena mbele yangu, akaondoa kidole, tukalitazama lile shimo wote wawili.

"Haya, baba Hawa," akasema. "Njoo uone unene wako."

Tukakupeleka hospitali kubwa kule Upanga. Wakakupa vidonge vya kukojosha, na kwa siku chache ukakojoa utajiri wangu wote. Ukabaki mifupa ile ile niliyokuwa nayo kikapuni, mirefu zaidi tu. Ndipo wakasema upelekwe kwenye mashine.

Ile siku unaikumbuka kwa upande wako, wewe uliyelala. Nataka uijue kwa upande wangu. Chumba kilikuwa kidogo, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ya wodini ili kioo cha mashine kionekane. Waliileta madaktari wageni, wakaondoka wakaiacha, na aliyebaki akijua kuitumia ni yule daktari wa kike mfupi, miguuni kandambili kwa kuwa viatu vya maana havikuwapo madukani. Nilimdharau papo hapo. Nikasema moyoni, nimeletewa mtoto wa shule. Akakupaka kifuani mafuta mazito, yanateleza kama mlenda, akaweka juu yake kitu kama kipande cha sabuni chenye waya, akawa anakisogeza taratibu kati ya mbavu. Kwenye kioo nikaona ukungu wa kijivu unacheza.

"Hiyo ni picha au mvua?" nikauliza.

Hakugeuka. "Mzee unafanya kazi gani?"

"Vitunguu. Sokoni."

"Nikija kununua nikakusimamia kichwani wakati unapima, utapenda?"

"Sipendi."

"Basi na mimi sipendi."

Ukacheka wewe, mpaka akakukemea kwamba unamtikisia picha. Miaka mingi hakuna aliyeninyamazisha kwa maneno machache hivyo, na nilishangaa kuona kwamba sikuchukia. Baadaye akaniita mwenyewe, "Njoo sasa, mzee, simama hapa."

Akanieleza kwamba mashine inatuma sauti ndani, nyembamba mno, sisi hatuisikii. Inagonga nyama ya moyo, inarudi kama mwangwi, na mashine inachora kilichorudi. Akanionyesha vyumba: viwili juu, viwili chini, na ukuta katikati. Vya kulia vinapokea damu iliyochoka na kuipeleka mapafuni ikachukue hewa. Vya kushoto vinaipokea ikirudi na kuisukuma mwilini. "Hiki cha kulia kimetanuka," akasema. "Na hapa ukutani naona kama pamekatika, lakini mwangwi unaweza kudanganya. Nataka ushahidi."

Nilipenda neno lile. Akavuta maji ya chumvi kwenye bomba la sindano, akayasukuma kwenda bomba jingine na kuyarudisha, kwenda na kurudi, mpaka yakatoa povu dogo dogo. Akayaingiza kwenye mshipa wa mkono wako. "Tazama chumba cha kulia."

Kikajaa nyota. Cheupe chote, kwa mara moja.

"Mapovu haya yakifika mapafuni yanachujwa," akasema. "Upande wa kushoto halitakiwi kuonekana hata moja. Tazama kushoto."

Nikatazama. Kulikuwa kweusi. Kisha nikayaona, machache, yanachungulia ukutani na kupenya, kama sukari inavyotoka kwa mlango wa nyuma wa duka la ushirika wakati foleni imesimama mbele. Hakuna aliyeniambia ni yapi. Niliyaona mwenyewe.

"Umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Hayo yananionyesha mlango tu. Kinachopita kwa wingi ni kinyume chake: damu ya kushoto inarudi kulia. Damu iliyokwisha kwenda mapafuni inarudishwa mapafuni tena. Moyo wake unafanya kazi ile ile mara mbili."

"Tangu lini?"

"Tangu tumboni. Ukuta haukukamilika."

Ukauliza pale ulipolala, "Kwa hiyo si pumu?"

"Si pumu."

"Wala jini?"

"Jini sikumwona," akasema, akikufuta yale mafuta kwa kitambaa. "Labda alibaki nje, hana kadi."

Mlicheka nyinyi wawili. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nimebeba magunia, Hawa. Najua siku ambayo nyapara anakwambia, hilo ulilopandisha lishushe, kisha lipandishe tena, na bila sababu. Jioni ya siku kama ile huwezi kuinua hata kijiko. Wewe umeiishi siku ile tangu hujazaliwa. Ulipokaa kwenye tofali pale mtaroni ulikuwa umekwisha fanya kazi ya watu wawili, wakati balozi na jembe lake jipya hajafanya hata ya nusu mtu, na baba yako hamali, ambaye angepaswa kumjua hamali mwenzake kwa kumtazama tu, alikuita mvivu.

Sikulisema hilo njiani tulipokuwa tunarudi. Nilikununulia miwa.

Kikao cha ukoo, cha habari ya kukupeleka Bombay ukazibwe tundu, ulikisikia kupitia ukutani, najua, kwa sababu taa yako ilizimwa mapema mno. Hamisi alikuja na suruali ya ofisini. Bibi yako alikuja na tasbihi. Walikula wali wangu kwanza, ndipo wakapata uchungu.

"Shemeji," Hamisi akaanza, "mtoto wa kike, kifua kipasuliwe, abaki na kovu hapa katikati. Nani atamwoa?"

"Na asipopasuliwa nani atamzika? Wewe? Baba yako mwenyewe sanda nilitoa mimi."

"Tusifike huko."

"Tumeshafika. Kaa."

Bibi yako akasema, "Baba Hawa, Mungu alimuumba na tundu lake."

"Na wewe alikuumba na mtoto wa jicho, mama, na ulipelekwa kutolewa. Au jicho lako Mungu alikosea?"

Mama yako akaniambia kwa upole, "Inatosha." Nikaendelea. Nilimwambia Hamisi kwamba anaogopa kovu la mtoto kwa kuwa yeye hajawahi kupata kovu, maana kovu linataka mtu awe amefanya kitu. Nilizungumza vizuri sana siku ile. Waliondoka wameinamisha vichwa, na nikalala usingizi wa mshindi.

Asubuhi mama yako akanimiminia chai. "Umewashinda," akasema. "Sasa mwenye kifua umemuuliza?"

Sikukuuliza, Hawa. Nikaenda kukutafutia kibali cha kutibiwa nje, nikasimama kwenye milango ya maofisi, nikagombana na makarani, kibali kikatoka, sista akapatikana wa kukusindikiza wewe na wagonjwa wenzio, na kila hatua niliihesabu kuwa ni kumshinda Hamisi. Wewe nilikuletea habari tu. Ndiyo maana juzi ukanijibu ulivyonijibu. Ulisema kweli tupu.

Basi chukua ninachokijua, kisha ufanye utakalo.

Nilirudi kwa yule daktari peke yangu. Nikamwambia, nipe namba. Katika wanaofunguliwa wangapi wanarudi? Mimi ni mtu wa namba, nitaielewa. Akanitazama sana, akasema, "Sikupi, mzee. Nikikupa utaigeuza mzani, utampandisha mtoto." Nilichemka. Nilitaka kumwambia maneno niliyomwambia Hamisi, lakini hayakumfaa, ilibidi niyameze. Alichoniambia ni hiki, na nakupa kilivyo, sikuongeza wala kupunguza. Wengi wanarudi, na wanapanda ngazi kama watu. Wapo ambao hawarudi. Usipokwenda hufi kesho. Utaishi, utapata miaka, lakini kila mwaka pumzi itakuwa fupi kuliko wa nyuma, kuzaa kutakuwa hatari, na mishipa ya mapafu itaendelea kukakamaa kwa kupokea damu nyingi kupita kiasi. Ikishakakamaa, tundu halizibiki tena, hata wakitaka. Hilo halina tarehe. Mlango wa kutibiwa upo wazi sasa. Kufungwa kwake hakutapigiwa kengele.

Ningekuwa mimi ningekwenda. Nakwambia wazi, nisijifanye sina upande. Lakini mimi ndiye niliyesoma sindano nikafurahi. Ndiye niliyetafuta neno la kumuumiza Hamisi nikadhani natafuta dawa yako. Dharau ilinipa kibanda, ikanipa nyumba hii, sitaitukana. Bila hiyo ningekuwa bado nabeba magunia ya watu. Lakini kila nilipoitumia kutazama, iliniletea kile nilichotaka kukiona, na ilikuwa na sauti ya uhakika, kama yangu. Huwezi kupanda ndege kwa kitu cha namna hiyo. Ukifika kule ukavuliwa nguo na kulazwa, na sista yuko nje, na lugha huijui, "Baba alisema" haitakushika mkono. Kama kuna sababu yako mwenyewe, hata ndogo, hata kwamba unataka tu kukimbia siku moja mpaka ncha ya mtaa bila kukaa chini, hiyo itafaa. Sihitaji kuijua.

Na kama huna, usiende. Nimelifikiria hilo pia, na nimelipangia.

Barua hii naipitisha chini ya mlango wako usiku huu. Gari litasimama mlangoni kabla hakujapambazuka. Mama yako atakuwa jikoni. Hamisi na bibi yako wamesema watakuja kuaga, na watakuja, kwa kuwa kutakuwa na chai. Ukitoka na begi mkononi, nitalipokea begi nilitie garini, basi, hakuna hotuba. Ukitoka mikono mitupu, mimi mwenyewe nitamwendea dereva, mbele yao wote, nimwambie kwamba baba wa mtoto ameghairi. Nitasema nimeogopa. Nitasema Hamisi alikuwa na haki na mimi nilipiga kelele tu. Hutaulizwa neno na mtu yeyote, si kesho wala baadaye, na asije mtu kukuambia uliogopa wewe. Atacheka Hamisi mpaka Idi. Bibi yako atapata la kusimulia mpaka afe. Acha wapate, nilikuwa nimewakalia muda mrefu. Na wiki ijayo nitaanza upya kwenye milango ile ile ya maofisi, taratibu, ili siku utakayotaka wewe kibali kiwe kipo.

Ila usinitazame usoni kutafuta jibu. Nakujua, tangu mdogo ulikuwa ukinitazama kwanza ndipo uamue kama umeumia. Kesho hutauona uso. Nitakuwa nje barabarani, nimeipa nyumba mgongo, nasikiliza tu kama mlango ukifunguka kuna begi litakalotua kizingitini, au hakuna.

Mimi baba yako,
Saidi